Namba ya Kiatu Si Kipimo cha Mguu

Mtu akiagiza viatu mtandaoni vikamkataa, mara nyingi hulaumu miguu yake kwanza. "Mimi nina miguu mipana." "Mguu wangu umeinuka sana hapa juu." "Vidole vyangu vimekaa vibaya." Nimeyasikia maneno hayo kwa ndugu, kwa wenzangu kazini, kwa watu walioketi na boksi wazi mapajani wakikirudisha kiatu taratibu kwenye karatasi yake. Sikumbuki kumsikia hata mmoja akisema kwamba kiatu ndicho kilichokaa vibaya. Hilo linaniuma, na ndilo linalonifanya niandike.

Viatu nilivyoagiza mara ya mwisho kabla sijabadili namna ya kununua vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vya kamba, vya kuvaa kazini. Nilifuata maelekezo ya muuzaji yote. Nilipima urefu wa mguu kwa rula, nikafungua jedwali lao la saizi, jedwali likanipa 42, nikaagiza 42, na 42 ikaja. Kwenye picha vilipendeza na mkononi vikapendeza zaidi: mshono umenyooka, ngozi inanukia ngozi. Mguu ukaingia. Nikafunga kamba, nikasimama, na papo hapo nikajua. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimebanwa kwenye ukuta wa kiatu hata hakiwezi kujinyoosha.

Nikavua, nikachomoa soli ya ndani, ile laini inayolala chini ya unyayo, nikaiweka sakafuni na kuikanyaga bila soksi. Ningependa kila mtu afanye jaribio hili angalau mara moja, kwa sababu linaonyesha kwa macho kile ambacho mguu hukisema kwa maumivu tu. Kisigino kilikaa mahali pake. Mbele ya kidole gumba ilibaki nafasi ya kutosha, kama inavyotakiwa. Kwa upande wa urefu, basi, jedwali halikudanganya. Lakini pembeni, pale mguu unapokuwa mpana kuliko kwingine kote, nyama ilikuwa imetoka nje ya soli, na kidole kidogo karibu chote kilikuwa kinagusa sakafu. Soli ilikuwa na milimita 94 mahali hapo. Mguu wangu una 104.

Nikamwandikia muuzaji, nikamweleza, nikamuuliza kiatu hicho kina upana gani na kama kuna kingine kipana zaidi kwa urefu uleule. Jibu likaja: "Mpendwa mteja, tumehakiki oda yako na tumethibitisha kuwa saizi uliyotumiwa ndiyo uliyoagiza." Kila neno la jibu hilo ni kweli, na hakuna hata moja lililogusa nilichouliza.

Hiyo 42 ni nini hasa? Namba za Ulaya bara zinatumia kipimo cha Kifaransa ambacho kila hatua yake ni theluthi mbili za sentimita. Zidisha 42 kwa theluthi mbili, unapata sentimita 28. Waingereza walijenga namba zao juu ya punje ya shayiri: punje tatu zilizopangwa kwa urefu zilihesabiwa kuwa inchi moja, kwa hiyo namba ikipanda moja kiatu kinarefuka kwa theluthi ya inchi. Wanaanza kuhesabu kwenye inchi 4, wanapanda hadi 13 ya watoto, kisha wanaanza upya na moja ya watu wazima. Ukiifuata hesabu hiyo mpaka 8 ya mtu mzima unafika inchi 11, yaani milimita 279.4. Kwa hiyo 8 ya Uingereza na 42 ya Ulaya zinakaribia kukutana, ingawa kila moja imetoka njia yake. Wamarekani wakachukua mfumo wa Kiingereza, wakauanzia mahali tofauti kidogo, na wakatenga namba za wanaume na za wanawake. Ndiyo maana ulimi wa kiatu kimoja unaweza kuandikwa namba tatu zisizofanana, na zote ni sahihi.

Ila mguu wangu hauna sentimita 28. Una 26 na nusu. Sentimita 28 ni urefu wa kalibu, ile sura ya mguu iliyochongwa kwa mti au plastiki ambayo kiatu hutengenezwa kikiwa juu yake. Hapa ndipo kiini cha tatizo kilipo. Namba ya mtindo huu inataja urefu wa kalibu. Nafasi inayobaki kati ya kalibu na mguu wako ni uamuzi wa aliyechora kiatu. Kiatu chenye ncha kali kinahitaji sentimita kadhaa za hewa mbele ya vidole, raba ya kukimbilia inahitaji nafasi ya namna nyingine, na sandali yake ni tofauti kabisa. Viwanda viwili vinaweza kuandika 42 kwa uaminifu uleule, mguu wako ukaingia kimoja na kukataliwa na kingine.

Na huo bado ni urefu tu. Mguu una mifupa 26. Una upana chini ya vidole, una mzingo, una mwinuko wa juu ambao kamba hupita, una kisigino chembamba au kinene, una upinde wa chini ulioinuka au uliolala. Vitu vyote hivyo tunavisukuma nyuma ya namba moja yenye tarakimu mbili.

Si kwamba watengenezaji wa viatu hawajui. Uingereza na Marekani zina herufi za upana kwa miaka mingi: kwa hesabu ya Kimarekani D ndiyo kawaida ya mwanamume, B ya mwanamke, na ukiona EE ujue ni kipana. Kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 9407, kilichotolewa mwaka 1991 na kupitiwa tena 2019, kinachoitwa Mondopoint. Chenyewe kinataja mguu, si kalibu, na kinautaja kwa milimita: urefu, kisha upana. Viatu vya kuteleza kwenye theluji vinauzwa kwa mfumo huo, na majeshi kadhaa huvalisha askari wao kwa mfumo huo, kwa sababu askari mwenye malengelenge hafiki aendako. Kwa raia wa kawaida anayenunua kwa simu, mfumo huu karibu haupo.

Zamani kupima haikuwa kazi ya mnunuzi. Muuzaji alikukalisha kwenye kiti, akapiga goti mbele yako, akakuvua kiatu, akaushika mguu kwa kisigino na kuukalisha juu ya kipimo. Kipimo mashuhuri kuliko vyote kilibuniwa miaka ya 1920 na Charles Brannock, mtoto wa mwenye duka la viatu katika mji wa Syracuse, jimbo la New York. Ni bamba la chuma lenye kikombe cha kisigino na vitelezi. Kinachonifanya nimheshimu mtu huyu ni kwamba hakuridhika na kipimo kimoja. Chombo chake kinapima urefu hadi ncha ya vidole, kinapima upana, na kinapima umbali kutoka kisigino hadi kwenye fundo la kidole gumba, pale mguu unapokunjika ukitembea.

Hicho cha tatu wengi hatujawahi hata kukisikia. Chukua watu wawili wenye miguu ya urefu sawa sawia. Mmoja ana vidole virefu na unyayo mfupi, mwingine ana unyayo mrefu na vidole vifupi. Ukiwapa kiatu kimoja, kwa mmoja kitakunjika pale mguu unapokunjika, na kwa mwingine kitakunjika pasipo pake, kikimkata juu ya vidole kila hatua. Namba yao ni moja, na upana wao unaweza kuwa mmoja. Mtandaoni sijaona jedwali linalouliza kipimo hiki.

Wauzaji walifika mbali zaidi ya hapo. Kuanzia miaka ya 1920 maduka mengi ya Marekani na Ulaya yaliweka mashine za eksirei: mtoto anaingiza miguu iliyovaa viatu kwenye tundu la chini, mzazi na muuzaji wanachungulia kwa juu, na mifupa inaonekana ikisogea ndani ya kiatu. Mionzi ile ilikuwa hatari, hasa kwa muuzaji aliyesimama kando yake kutwa, na mwaka 1957 jimbo la Pennsylvania likapiga marufuku mashine hizo. Zilistahili kupigwa marufuku. Ila zinaonyesha jinsi swali la mguu umekaaje humo ndani lilivyochukuliwa kwa uzito.

Kisha kiatu kikahamia mtandaoni. Mwaka 1999 Nick Swinmurn alitafuta buti fulani huko San Francisco asizipate, akaanzisha duka la mtandaoni ambalo baadaye liliitwa Zappos. Mwanzoni hakuwa na ghala. Alipiga picha viatu vilivyokuwa kwenye maduka ya watu, akaziweka kwenye tovuti, na mtu akiagiza yeye anakwenda kuvinunua dukani na kumtumia. Shaka kubwa ilikuwa moja: nani atanunua kiatu asichokijaribu? Zappos walijibu kwa ruhusa ya kurudisha. Usafiri bure kwenda, bure kurudi, na siku 365 za kuamua. Amazon ikainunua kampuni hiyo mwaka 2009. Zalando, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2008, ilipita njia hiyohiyo, na katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria yenyewe inampa anayenunua kwa mbali siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu.

Naiheshimu haki hiyo na ningependa kila mnunuzi awe nayo. Lakini tuone kilichotokea. Kurudisha kumechukua nafasi ya kupima. Muuzaji hapimi tena; anatuma, na sebule yako inakuwa chumba cha kujaribia. Wenye uwezo wanaagiza 41, 42 na 43 kwa pamoja, wanabaki na moja. Pale ambapo kurudisha ni kwa gharama ya mnunuzi, mambo ni mengine. Unatafuta gundi ya karatasi, unakunja boksi upya, unaeleza mara ya pili na ya tatu kwamba hakuna ulichoharibu, unalipa usafiri, halafu unasubiri fedha zako. Wengi wanaishia njiani. Kiatu kinabaki uvunguni mwa kitanda au kinapewa ndugu mwenye mguu mdogo.

Au kinavaliwa. Hili ndilo linalonitia uchungu, kwa sababu mwenye kukivaa anajipa moyo kwamba kitatanuka. Wauzaji nao husema hivyo, na maoni ya wanunuzi chini ya picha husema hivyo pia. Ngozi halisi hulegea kidogo kwa upana, hilo ni kweli. Kwa urefu hailegei, na plastiki iliyofanyizwa ionekane kama ngozi hailegei popote. Kinachobadilika zaidi ni mguu: sugu juu ya kidole, ukucha unaoingia nyamani, kidole gumba kinachoinama kuelekea wenzake mwaka baada ya mwaka.

Ushauri mwingine ninaousoma kila mara ni ule wa "ongeza namba moja." Unatolewa kwa nia njema. Ila namba moja ya Ulaya inaongeza milimita 6 na ushei za urefu, na upana unaongezeka kidogo mno. Mwenye mguu mpana akiongeza namba, vidole bado vinabanwa pembeni, kisigino kinaanza kupwaya na kuchubuka, na ile sehemu ya kukunjika inasogea mbele ya fundo la mguu wake. Ametoka kwenye tatizo moja amepata matatu. Na huyo aliyeandika kwamba vimemkaa vizuri sana, hatujui mguu wake ukoje. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Niliona ubaya wa mambo haya kwa mama yangu. Ana kisukari cha miaka mingi, na nyayo zake zimeanza kupoteza hisia. Kwa mtu wa namna hiyo kiatu kinachobana hakitoi taarifa. Kinachubua bila yeye kusikia, kidonda kinakua bila yeye kujua, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ni kitu cha kumkimbizia daktari siku hiyohiyo. Tena wengi waliopoteza hisia huchagua viatu vinavyobana zaidi, maana visivyobana hawavisikii kabisa miguuni. Alikuwa ameniomba nimwagizie viatu vya kufunga, laini, vya kushindia.

"Mama, naomba usimame juu ya karatasi hii nikuchoree mguu."

"Wa nini mwanangu? Mimi ni arobaini. Nilikuwa arobaini kabla hujazaliwa."

"Najua Mama. Simama tu, usiegemee upande mmoja."

Akasimama ameshika bega langu. Nikapitisha penseli kuuzunguka mguu wa kushoto, nikiishikilia wima, kwa sababu ikilala kidogo tu inaingia chini ya unyayo na kupunguza kipimo. Kisha wa kulia. Alipoketi nikachukua moja ya viatu vyake alivyozoea, nikakiweka juu ya mchoro. Mchoro ulitokeza nje ya kiatu pande zote mbili, na mbele pia. Mguu wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia kwa milimita kadhaa. Mama aliangalia ile karatasi kwa muda.

"Huu ni wangu?"

"Ni wako Mama."

Mguu wa mtu mzima haukai vilevile maisha yote. Kano zinalegea, upinde unashuka, mguu unarefuka na kupanuka. Mimba inaweza kuurefusha na usirudi. Uzito ukiongezeka nao unaupanua. Mama alikuwa amebeba namba ya ujana wake mpaka uzeeni, na hakuna aliyewahi kupiga goti kumpima tena. Tulitazama vidole vyake kimoja kimoja, katikati na chini. Kwenye ubavu wa kidole kidogo palikuwa na alama nyekundu ambayo hakuwa akiisikia. Kabla ya kuagiza chochote tulikwenda kwanza kliniki, na huko tukaambiwa jambo ambalo sasa hulifanya kila asubuhi: kupitisha mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, kutafuta kokoto, mshono uliokaza au soli iliyojikunja.

Tangu hapo kwetu hainunuliwi jozi ya viatu bila karatasi. Tunapima jioni, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda na kiatu cha asubuhi kinaweza kubana saa kumi na moja jioni. Tunapima tukiwa tumesimama, maana mguu uliobeba mwili ni mrefu na mpana kuliko ulioning'inia kitini, na tunapima tukiwa na soksi zitakazovaliwa na kiatu hicho. Tunapima miguu yote miwili na kuagiza kwa ule mkubwa; mdogo unaweza kuongezewa soli nyembamba, mkubwa hauwezi kupunguzwa. Kwa watoto karatasi inachorwa upya mara kwa mara, kwa kuwa mifupa yao bado ni laini na inaweza kukunjwa na kiatu bila mtoto kulalamika. Kiatu kikifika kinajaribiwa ndani, juu ya sakafu safi, ili soli isichafuke kikihitaji kurudi. Soli ya ndani inachomolewa na kukanyagwa. Mtu anatembea, anapanda na kushuka ngazi, kwa sababu wakati wa kushuka ndipo vidole husukumwa mbele na ukweli wa urefu hujulikana. Kikibana siku ya kwanza kinarudi.

Na kabla ya kulipa naandika ujumbe: "Habari. Naomba vipimo vya soli ya ndani ya namba 42, urefu, na upana pale palipo papana zaidi, kwa milimita. Asante." Wengine hawajibu. Wengine wanatuma tena lile jedwali. Lakini wapo wanaochomoa soli, wakaiweka mezani, wakalaza rula juu yake na kupiga picha. Jozi ninayovaa kazini sasa niliipata kwa muuzaji mmoja mdogo aliyefanya hivyo: 103 pale palipo papana, ngozi laini juu yake, na vidole vyangu vitano vinalala chini vyote.

Kama yeye aliweza kwa rula ya shule, wenye maghala makubwa hawana sababu ya kushindwa. Kalibu haichongwi bila kujua upana na mzingo wake. Namba hizo zipo kiwandani kabla hata ngozi haijakatwa. Kuziweka chini ya picha ya kiatu, pembeni ya rangi na bei, ni mstari mmoja wa maandishi.